Somo: Kutazama ndege Sasumua na nyasi za Kinangop

Maji ya bwawa la Sasumua hunywewa Nairobi, ila bwawa lenyewe liko juu Kinangop, karibu na Njabini, ubavuni mwa milima ya Aberdare. Wageni wengi hukazia macho maji tu. Mimi nakuomba ugeuke pia utazame nyasi.

1. Panda matatu alfajiri. Ukitoka Nairobi, acha barabara ya Nakuru pale Flyover, ushike ya Njabini. Vaa jaketi zito na gambuti, kule baridi haina mchezo.

2. Omba ruhusa langoni kabla ya kutoa darubini. Hayo ni maji ya kunywa, yanalindwa.

3. Majini, jua liwe mgongoni pako. Kibisi ni mdogo, huzama na kuibukia mbali. Kukuziwa ni mweusi, paji jeupe. Mnandi utamwona ametandaza mabawa ayakaushe.

4. Sasa malisho, na hapa usiwe na haraka. Tafuta penye mafungu ya nyasi, pasipolimwa. Ndiko aliko ndege wa kucha ndefu anayeitwa Sharpe's longclaw, ambaye duniani anapatikana Kenya peke yake. Mgongo una michirizi ya kahawia, tumbo la manjano. Akikuona hujibanza nyuma ya fungu la nyasi. Simama kimya dakika kumi, atatokeza kichwa. Akiruka, utaona weupe pembeni mwa mkia.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mimi nimeona wa manjano mwenye mkufu mweusi kifuani. Ndiye?
Jibu: Hapana, ndugu yangu, huyo ni binamu yake, na anapatikana nchi nyingi. Wetu hana mkufu, ana michirizi tu kifuani.

Swali: Shamba letu lina mikaratusi na viazi. Anaweza kuja?
Jibu: Kwenye mikaratusi hakai, na palipolimwa hana pa kujificha wala kutaga, maana kiota chake kiko chini, ndani ya nyasi. Malisho yakizidi kugeuzwa mashamba, anakosa makao, na inaniuma sana. Mkiwa na kipande cha malisho, msikilime chote. Ng'ombe na kondoo wakila humo bila kuyamaliza mafungu, wanaishi naye vizuri.

Swali: Nikimchezea sauti yake kwa simu atoke?
Jibu: Tafadhali usifanye hivyo, dada. Ataacha kiota kumfukuza mpinzani asiyekuwepo.