Akinyoosha kidole, mtajie

Bamama, mtoto wa mwaka mmoja anaelewa maneno mengi kuliko anayoweza kutamka. Ukipita naye soko la Kadutu hapa Bukavu, akinyoosha kidole kwenye beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, usimvute tu mkono. Mwambie: "Sambaza! Sambaza ndogo." Kisha nyamaza kidogo, umtazame usoni. Hata akisema "baza!" tu, amejibu, rudia neno zima bila kumcheka. Neno hushika upesi likitajwa kwa kitu anachokitazama yeye, si unachokitaka wewe. Televisheni haimngojei ajibu. Na mama mkwe akimsemesha kwa Mashi, lugha ya Bashi, mwache: lugha mbili hazimcheleweshi. Ila akifika miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili, mpeleke kituo cha afya, wampime na masikio.