Kitalu nyumba wakati wa mapukutiko: vipandikizi, miche na bonsai chini ya paa moja

Majira ya mapukutiko yanapoingia, mwenye kitalu nyumba hujikuta na wageni wa aina tatu wanaogombea chumba kimoja: vipandikizi ambavyo havijatoa mizizi, miche michanga iliyosiwa ili ivuke majira ya baridi, na miti ya bonsai, yaani miti iliyofanywa kuwa midogo katika vyungu vifupi, iliyokaa nje tangu machipuko. Kosa la wengi, ambalo mimi mwenyewe nililirudia kwa miaka kadhaa, ni kudhani kwamba wote wanahitaji kitu kimoja, yaani joto. Kumbe kipandikizi kinataka joto miguuni na ubaridi kichwani, mche unataka mwanga kuliko joto, na bonsai nyingi zinataka baridi ya kiasi ili zipate kulala, yaani kupumzika bila kukua. Adui wa wote ni unyevu uliotuama, nao huua mimea mingi zaidi kuliko baridi yenyewe.

Anza na nyumba kabla ya mimea. Osha vioo au plastiki ndani na nje, ondoa chokaa uliyopaka wakati wa kiangazi kuzuia jua kali, na sugua mwani wa kijani kwenye maungio, maana siku zinapofupika kila mwanga unaozuiwa na uchafu ni hasara kwa mche. Toa mimea iliyokwisha kuzaa na uokote majani makavu yote chini ya meza, kwa kuwa humo ndimo ukungu wa kijivu hujificha. Mmea wowote unaotoka nje ugeuzwe majani na kukaguliwa chini yake kabla ya kuvuka mlango. Inzi weupe, vidukari, vidugamba na utitiri wakipata hifadhi ndani hawatapungua hadi machipuko. Tundika pia kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu kabisa na cha chini kabisa, kwa sababu saa muhimu kwa mimea ni zile za alfajiri, ambazo wewe umelala.

Hewa ndiyo kazi ya kila siku. Fungua madirisha ya paani jua linapopanda, hata kama nje kuna ubaridi, kisha uyafunge saa moja au mbili kabla ya jua kuchwa ili joto la mchana libaki ndani. Mwagilia asubuhi tu, maji yakielekezwa kwenye udongo na si juu ya majani. Anayetumia hita ya mafuta ya taa akumbuke kwamba kila lita moja inayoungua hutoa mvuke wa maji unaozidi kidogo lita moja, na mvuke huo hugeuka matone kwenye kioo na kudondokea majani usiku kucha. Dirisha moja liachwe wazi kidogo daima. Hita ya umeme yenye feni ni bora kwa sababu inakausha na kuzungusha hewa kwa wakati mmoja.

Sasa vipandikizi. Nitachukua pelagoniamu, ua la vyunguni, kuwa mfano, kwa kuwa ni mwalimu mzuri. Chagua tawi imara lisilo na ua, ukate asubuhi kwa kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti, urefu wa sentimita 8 hadi 10, chini tu ya kifundo, yaani pale jani linapoungana na shina. Ondoa majani ya chini ubakize mawili au matatu ya kileleni, na ubandue vile vijani vidogo kama magamba vinavyokumbatia kifundo, maana vikifukiwa huoza kwanza navyo huliambukiza shina. Kisha vilaze vipandikizi mezani kivulini kwa saa kadhaa hadi jeraha likauke. Mtu anayeona majani yakinywea huingiwa na hofu akavitia majini, lakini pelagoniamu hustahimili kunywea kidogo kuliko kuoza. Vipande vinne au vitano vipandwe kuzunguka ukingo wa chungu cha sentimita 12, katika mchanganyiko wa unga wa makumbi ya nazi na mchanga mkavu wa chembe kubwa kwa viwango sawa. Ukingoni maji huondoka upesi na hewa huingia. Usivifunike kwa plastiki. Mimea yenye majani mepesi, kama fuksia, ndiyo inayohitaji kifuniko, nacho kifunuliwe kila siku na kufutwa matone.

Joto liwe chini ya chungu. Blanketi la umeme la kuoteshea mizizi likishika nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi kwenye udongo, huku hewa ya juu ikibaki baridi zaidi, mizizi hutangulia majani. Baada ya wiki tatu au nne shika kipandikizi kwa ncha za vidole viwili na ukivute kidogo sana, kama mtu anayejaribu uzi. Kikikataa kutoka, kimeshika. Jani jipya si ushahidi, kwa sababu kipandikizi kinaweza kuchipua kwa akiba iliyomo shinani bila kuwa na mzizi hata mmoja.

Rosemari na lavenda huchukuliwa kwa kuvuta kitawi cha pembeni kuelekea chini, ili kitoke na ulimi mfupi wa ganda la shina mama. Ulimi huo hupunguzwa kwa kisu na hapo ndipo mizizi huota. Mtini, mzabibu na waridi vingojewe hadi majani yote yaanguke. Kata fimbo nene kama kalamu, urefu wa sentimita 20 hadi 25, chini ukate kukingama, chini tu ya jicho (kichipukizi kilicholala), na juu ukate mshazari, ili usije ukazipanda kichwa chini, kwa maana fimbo iliyopinduliwa ni vigumu kushika. Fukia theluthi mbili, ziweke pembe ya baridi, na usizipe joto kabisa: macho yakiamka kabla ya mizizi, fimbo hujimaliza yenyewe.

Kwa miche, mapukutiko ni majira mazuri kuliko wengi wanavyodhani. Mbegu za saladi, kwa mfano, aina nyingi hugoma kuota udongo ukizidi nyuzi 25 hivi, kwa hiyo zilizokataa kiangazi huota sasa bila shida. Vitunguu, njegere na maharage mapana nayo husiwa wakati huu. Jambo la kuwahi ni mwanga: urefu wa mchana unaposhuka chini ya saa 10 ukuaji karibu husimama, hivyo mche uwe umepata majani kadhaa kabla ya hapo. Mara tu miche inapochomoza, isogeze mahali penye mwanga mwingi na upunguze joto hadi karibu nyuzi 10, la sivyo itarefuka, itapauka na kuanguka. Kinyausi, ugonjwa unaonyonga shina usawa wa udongo na kuangusha trei nzima kwa siku mbili, huja pale mbegu zilipobanana na udongo ulipolowa daima. Sia kwa nafasi, tandaza mchanga mwembamba juu, na unyweshe kutokea chini. Unapohamisha mche, ushike kwa jani. Jani likivunjika litaota jingine, ila shina likibonyezwa mche umekwisha.

Bonsai zigawe makundi mawili kabla ya kuzigusa. Mepo ya Kijapani, lachi, elmu, msonobari na mreteni ni miti ya nchi za baridi na lazima ilale. Niliwahi kuiweka mepo karibu na hita kwa huruma. Ikachanua katikati ya majira ya baridi kwa majani mepesi kama karatasi, na kabla ya machipuko ilikuwa imekufa. Miti hii iachwe nje hadi ile inayopukutisha iangushe majani, na yote ionje usiku kadhaa wa baridi, ndipo iingie, chini sakafuni karibu na mlango, kwenye nyuzi 0 hadi 7. Haiingii kwa sababu ya matawi bali kwa sababu ya mizizi: ardhini udongo mwingi huihami, lakini katika chungu kifupi baridi huishika kutoka pande zote. Kuzamisha chungu katika sanduku la magome yaliyosagwa husaidia sana. Siku za jua fungua mlango, kwani kioo huweza kuiamsha miti kwa joto la mchana mmoja.

Kundi la pili ni miti ya nchi za joto: fikasi, Carmona na Portulacaria. Hizi ziingie mapema, kabla usiku haujashuka chini ya nyuzi 12, zikae rafu ya juu ambako hewa yenye joto hupanda. Fikasi hupendelea nyuzi 15 na zaidi. Portulacaria huhifadhi maji majanini, kwa hiyo inyweshwe kwa nadra.

Kwa bonsai zote, usimwagilie kwa kufuata kalenda. Inua chungu kila asubuhi hadi mkono ujue uzito wake kikiwa kimelowa na kikiwa kikavu. Msonobari na mreteni huendelea kupoteza maji hata vikiwa vimelala. Ng'oa sindano kuukuu za msonobari, ila usibadilishe udongo hadi macho yaanze kuvimba wakati wa machipuko. Mwisho kagua waya uliozungushwa kwenye matawi ili kuyapa umbo, kwa sababu matawi hunenepa hasa mwishoni mwa kiangazi na mwanzoni mwa mapukutiko, na waya uliokuwa huru hapo awali huanza kuzama kwenye gome. Usiufungue kwa kuuzungusha, kwani hapo ndipo tawi huvunjika. Ukate kipande kwa kipande kwa koleo ya kukatia waya, kila mzunguko peke yake, na uache kila kipande kidondoke chenyewe.