Nywele za kipilipili zinakua, tatizo ni kukatika: mwongozo kutoka kwa msusi

Karibu kila wiki kuna mteja anayekaa kwenye kiti changu na kuniambia, "Dada, nywele zangu hazikui kabisa." Nikimfunua kichwa naona ameweka dawa ya kunyoosha nywele miezi mitatu iliyopita, na chini ya ile dawa kuna nywele mpya, zimejikunja vizuri, kama sentimita tatu hivi. Sasa hizo zimetoka wapi? Nywele za binadamu hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, na zake zimekua. Kilichotokea ni kwamba kule mwisho zimekatika kiasi kilekile. Kwa hiyo humu hutaona mafuta ya miujiza. Kazi yetu ni kulinda ncha.

Hatua ya 1: Jua kama zinang'oka au zinakatika

Kusanya nywele zilizobaki kwenye chanuo. Ile ndefu yenye kijivimbe upande mmoja (utakisikia ukipitisha vidole) imeng'oka baada ya kumaliza muda wake. Usiihofie, kwani kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Vipande vifupi visivyo na kijivimbe vimekatika, na vikiwa vingi, hatua zinazofuata zinakuhusu.

Kisha vuta kisokoto kimoja juu ya sikio, kinyooshe kwenye rula, andika urefu na tarehe. Rudi palepale baada ya miezi mitatu. Usipime kwa macho, maana kipilipili kikijikunja kinaweza kuficha zaidi ya nusu ya urefu wake.

Hatua ya 2: Osha

Mara moja kwa wiki, au kila baada ya wiki mbili. Gawa kichwa mafungu manne, paka shampuu kwenye ngozi, sugua kwa nyama ya vidole, si kucha. Povu linaloteremka linatosha kusafisha ncha.

Hatua ya 3: Fumbua mafundo (usiharakishe hapa)

Hapa ndipo watu wengi wanapoacha urefu wao sakafuni. Kila kona ya nywele iliyojikunja ni mahali dhaifu, na mafuta yanayotoka kwenye ngozi hayateremki hadi chini kwa sababu njia yote ni mizunguko. Ncha ndiyo kongwe na ndiyo kavu kuliko zote, halafu ndiyo tunayoivuta kwa nguvu.

Usichane zikiwa kavu. Paka kondishena nyingi kwenye fungu moja mpaka nywele ziteleze mkononi. Tumia vidole kwanza. Ukikuta fundo, lishike kwa juu ili mzizi usivutwe, ongeza maji na kondishena kidogo palepale, kisha tenganisha nywele kwa pembeni, chache chache, kama unayefungua uzi uliojisokota. Ndipo uingize chanuo la meno mapana, ukianzia kwenye ncha na kupanda polepole hadi kwenye mizizi. Ukisikia mlio wa "kra kra", simama. Huo ni mlio wa nywele zinazokatika. Fungu likiisha, lisokote ulibane kabla ya kwenda kwa lingine, la sivyo litajifunga tena.

Hatua ya 4: Maji kwanza, mafuta baadaye

Mafuta hayanyweshi nywele, yanazuia maji yasitoke. Zikiwa bado na unyevu, paka krimu yenye maji, kisha mafuta kidogo, hasa nchani. Ya nazi yana sifa ya kupenya ndani ya unywele, ya mnyonyo ni mazito na hubaki juu. Mwenye mba asiyamwage kichwani, kwa sababu vijidudu vya mba hula mafuta hayohayo.

Hatua ya 5: Suka, lakini usikaze

Misokoto minene au mabutu yanatosha. Inua nyusi: ngozi ya panjani ikivutika, msuko umekaza. Vipele vidogo vikitokea mbele, fumua siku hiyohiyo. Zamani nilimsuka mdogo wangu kwa sifa, mistari imenyooka kama rula, naye akalala ameketi usiku mzima kwa maumivu. Nywele za panjani zilirudi, ila zilichelewa. Mvuto ukirudiwa kwa miaka, mizizi hufa na nywele hazirudi tena.

Usikae na msuko zaidi ya wiki sita hadi nane.

Hatua ya 6: Kufumua

Baada ya wiki sita utatoa bonge la nywele na moyo utashtuka. Piga hesabu: 50 hadi 100 kwa siku, kwa siku 42, ni 2,100 hadi 4,200, na zote zilikuwa zimenaswa kwenye msuko. Zitoe kwa vidole na mafuta kabla ya kulowesha kichwa, la sivyo zitashikana na zile ambazo hazijang'oka ziwe kama sufi.

Hatua ya 7: Mengineyo

Lala na kilemba cha satini, kwa sababu pamba hukwaruza na kunyonya unyevu. Pasi ya nywele iwe ya nadra. Ncha iliyopasuka haiungiki kwa dawa yoyote, kata.

Na kuna vichwa ambavyo mimi huweka chanuo chini. Utosi ukianza kupungua nywele huku ukiwasha au kuunguza, au ukaona sehemu laini inayong'aa isiyo na vinyweleo, muone daktari wa ngozi mapema, mizizi ikiwa bado hai. Zikiponyoka ghafla kichwa kizima, omba vipimo vya madini ya chuma na tezi ya shingo (thairoidi). Aliyejifungua miezi mitatu hivi iliyopita na anaona zinatoka kwa mafungu, asikimbilie kunyoa: hilo hutokea kwa wengi baada ya uzazi, na kwa kawaida nywele hujaa tena zenyewe.