Kitenzi "get": tazama kinachokifuata kabla ya kutafsiri

Ukifungua kamusi kwenye "get" utakuta maana rundo zima, na wengi huanza kuzikariri moja baada ya nyingine. Ni kazi bure. Kitenzi hiki chenyewe kina maana hafifu sana. Neno linalokifuata ndilo linaloamua. Kwa hiyo ukikutana nacho, ruka mbele kwanza: je, kinafuatwa na kitu, kivumishi, mahali, mtu, au kitenzi kingine?

Maumbo yake ni haya: get, wakati uliopita got, na umbo la tatu got kwa Waingereza, gotten kwa Wamarekani. Ukiongeza -ing, t zinakuwa mbili: getting. Baada ya did rudi kwenye get: "I didn't get it", kamwe si "I didn't got it".

Hatua ya 1: kikifuatwa na kitu

Hapa maana ni kupokea, kupata, kununua au kwenda kuleta. "I got a letter" ni nilipokea barua. "Where did you get those shoes?" anauliza ulivinunua wapi. "Get me a chair" ni niletee kiti.

Inaonekana rahisi, na ndiyo maana makosa mengi yanatoka hapa. Mswahili anasikia "kupata" na papo hapo anaweka get, lakini maneno haya mawili huachana njiani mara nyingi. Kupata ajali ni "have an accident". Kupata mtoto ni "have a baby". Ukisema "she got a baby", msikilizaji anajiuliza alimtoa wapi. Kupata hasara ni "make a loss", kupata faida ni "make a profit", kupata marafiki ni "make friends". Yanayokubali get ni kama kupata kazi, kupata ruhusa, kupata nafasi, kupata mafua: "get a job", "get permission", "get a chance", "get a cold". Andika orodha mbili kwenye daftari, zinazokubali na zinazokataa, uziongeze kila unaposoma. Hakuna kanuni itakayokuokoa hapa.

Hatua ya 2: kikifuatwa na kivumishi

Sasa maana ni kuingia katika hali. Kiswahili kina kitenzi kimoja pale ambapo Kiingereza kinatumia maneno mawili: get tired ni kuchoka, get wet ni kulowa, get angry ni kukasirika, get lost ni kupotea.

Angalia -me- yetu. "Nimechoka" si "I have tired", ni "I am tired". Hali iliyokwisha kutulia huchukua be. Mabadiliko yenyewe huchukua get. "I am getting tired" ni naanza kuchoka. "They are lost" ni wamepotea. "They got lost" ni walipotea.

Mawili ya kushika: "get married to", si "with", ingawa sisi husema kuoana na. Na "get used to" hufuatwa na nomino au -ing: "I got used to waking up early", si "to wake up".

Hatua ya 3: kikifuatwa na mahali

Kufika. "We got to the station at six." Ila home, here na there havitaki to: "What time did you get home?"

Hatua ya 4: mtu, kisha to na kitenzi

"I got him to sign the form": nilimshawishi mpaka akasaini. Kuna harufu ya juhudi ndani yake. Ukitumia make, umemlazimisha, na to inaondoka: "I made him sign." Sentensi "I got him sign" ni kosa.

Hatua ya 5: kitu, kisha umbo la tatu

Kwa Kiswahili unasema "nimenyoa nywele" hata kama aliyeshika mkasi ni kinyozi. Kiingereza kinapenda kutenganisha: "I got my hair cut", "I got my phone repaired". Ukisema "I repaired my phone", utaulizwa ulijifunzia wapi ufundi. Mpangilio haubadiliki: get, kitu, umbo la tatu. "I got repaired my phone" haikubaliki.

Kitu kikiondoka, inabaki kauli ya kutendwa ya mazungumzo: "he got fired", alifukuzwa kazi, "I got paid", nimelipwa. Hufaa tukio, si hali ya kudumu.

Hatua ya 6: vihusishi

Get up ni kutoka kitandani. Kuzinduka usingizini ni wake up. Basi, treni na ndege, ambamo unaweza kusimama na kutembea, ni get on na get off. Vivyo hivyo baiskeli na farasi. Gari dogo na teksi ni get in na get out of. Get over ni kupona au kusahau machungu, get rid of ni kuondokana na kitu, get along with ni kupatana na mtu.

Maswali

*Mwalimu, "I got to go" na "I've got to go" ni kitu kimoja?*

"I've got to go" ni lazima niende; kwenye mazungumzo 've humezwa, ndipo unasikia "I gotta go". Lakini "I got to meet the author" ni nilipata kukutana na mwandishi. Hapa kupata na get vinalingana kabisa.

*Naweza kuuliza "Do you have got a pen?"*

Hapana. Chagua moja: "Have you got a pen?" au "Do you have a pen?" Kwa wakati uliopita tumia had peke yake.

*Kwenye barua ya kuomba kazi nitumie get?*

Si kosa la sarufi, ila ina sauti ya maongezi. Andika receive, obtain au become.

*Kwenye filamu za Kimarekani nasikia kama "gerit". Ni nini?*

Ni "get it". Wamarekani wakiiweka t kati ya irabu mbili, ulimi hugusa mara moja tu juu nyuma ya meno, karibu sana na r yetu. "Get up" nayo inatoka kama "gerap". Huhitaji kuiga, inatosha sikio liizoee.