Kuisaka hitilafu ya umeme inayokuja na kuondoka kwenye pikipiki

Hitilafu ya kudumu ni nyepesi kutengeneza, kwa kuwa inabaki pale pale mpaka fundi aikute. Taabu iko kwa ile inayoizima pikipiki kati ya Chake Chake na Wete, kisha ikatoweka pikipiki inapofikishwa kwa fundi. Hapo wengi hubadilisha CDI (kisanduku kinachoongoza moto wa plagi), kisha plagi, kisha betri, na fedha humalizika ilhali waya uliokatika ndani ya gamba lake haujaguswa. Usinunue kifaa chochote kabla hujaweza kuifanya hitilafu itokee kwa kutaka kwako.

Kwanza chunguza inatokea wakati gani. Ikitokea kwenye mashimo, shuku vituo vya betri, yaani pale waya zinapofungwa, na soketi zilizolegea. Ikitokea unapokata kona, shuku fungu la waya linalopita shingoni mwa usukani, ambako nyuzi za shaba hukatika huku gamba likionekana zima. Ikitokea injini ikishapata moto na kupona ikipoa, shuku koili ndogo ya ishara iliyo karibu na sumaku ya injini, ile inayozalisha umeme injini inapozunguka. Ikitokea wakati wa masika, anza na kofia ya plagi.

Pikipiki inapozima, bonyeza honi na uwashe indiketa kabla ya kugusa chochote kingine. Taa kubwa isikuhadae, kwani katika pikipiki nyingi ndogo hulishwa na sumaku ya injini, hivyo huzimika pamoja nayo. Honi ikiwa kimya, kasoro iko kwenye betri, fyuzi kuu, swichi ya ufunguo au waya wa hasi unaofungwa kwenye fremu. Honi ikilia kwa nguvu, mara nyingi kasoro iko upande wa moto wa plagi.

Upande huo una mtego wake. Katika pikipiki ambazo CDI yake hulishwa na sumaku, ufunguo huzima injini kwa kuupeleka umeme wa waya mmoja kwenye fremu. Waya huo ukichubuka chini ya tangi, kila mtikisiko unaweza kuizima injini kama kwamba umezungusha ufunguo. Uchomoe kwa muda kwenye CDI, kisha ijaribu pikipiki mahali pa wazi, ukijua kwamba ufunguo hautaizima tena, na itakubidi utie gia, ushike breki na uachie klachi taratibu. Ikiwa CDI hulishwa na betri, unga balbu ndogo ya volti 12 kati ya waya wake wa chanya na fremu, uifunge karibu na usukani na uendeshe kama kawaida: balbu ikizimika pamoja na injini, umeme haufiki kwenye CDI, ikibaki inawaka, waya huo hauna kosa.

Kwenye karakana, washa injini na uiache ingurume kwa mlio wa chini, kisha tikisa kila fungu la waya kwa mkono, kipande kwa kipande, na uzungushe usukani kushoto na kulia. Pima pia kwa testa: betri iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6, na injini ikiongezwa mafuta inapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5.

Huku kwetu Pemba, upepo wa chumvi hugeuza shaba kuwa kijani ndani ya soketi, na pikipiki zinazobeba samaki huathirika zaidi, kwa sababu maji ya tenga hudondokea waya za nyuma. Chomoa hasi ya betri kwanza, kata waya mpaka uone shaba inayong'aa, uiunge kwa lehemu na kuifunika vizuri. Kusokota na kuzungushia tepu peke yake hakutoshi, kwani unyevu hujificha humo humo. Fyuzi nayo ikiungua, weka ya ampea zile zile, wala usiweke uzi wa waya.

Baada ya matengenezo, irudishe pikipiki katika hali ile ile iliyokuwa ikiizima, iwe kona, joto au mvua, kabla ya kumpakia abiria.