Jinsi ya kuchora ukuta wa mtaa usibandikwe posta (na bado ulipe kodi ya nyumba)

Kama unachora hapa Kisumu na unataka sanaa iwe ndo kazi yako, anza na ukuta wa mtaa wako kabla hujatafuta mahali pa kutundika turubai. Lakini usifanye venye nilifanya mimi. Ukuta wangu wa kwanza ulikua wa shule moja huku Manyatta, nilichora peke yangu wiki nzima, simba na mlima, na hakuna mtu hapo aliniambia anataka simba. Miezi mitatu haikuisha, ukafunikwa na posta za wagombea na za waganga. Iliniuma sana. Hakuna mtu alizibandua, sababu hakuna mtu aliona ule ukuta ni wake.

Siku hizi naanza na kuongea. Mwenye ukuta akikubali tunaandikiana kwa karatasi na anasaini, hata kama tunajuana, alafu napitia kwa chifu na wazee wa nyumba kumi kuwajulisha, ni heshima na pia inakusaidia askari wa kaunti wakikuja kuuliza. Hapo sasa kaa na watu. Akina mama wa omena, vijana wa boda pale steji, na watoto uwape karatasi wachore wenyewe, na hii sehemu usiiharakishe, hata ikichukua wiki mbili. Ukuta wangu wa pili walitaka mashua kama zile za ufuo wa Dunga, za rangi kali na jina ubavuni, na mama mmoja akasema jina liwe la nyanya yake aliyekua akiuza samaki soko la Kibuye. Hapo posta haijawai bandikwa, yeye mwenyewe ndo anafukuza watu.

Kazi yenyewe sasa. Sugua ukuta na brashi ya waya, uoshe, uache ukauke siku mbili, ziba nyufa, piga ankota (rangi ya kwanza ya chini), alafu emalshen ya nje, ile rangi ya maji, usidanganyike na ile ya ndani eti ni ya bei rahisi, mvua za Aprili zitaimenya yote. Kuhamisha mchoro tumia miraba: mchoro wa sentimita 40 kwa 20 ugawe kwa miraba ya sentimita 4, alafu kwa ukuta wa mita 4 kwa 2 piga miraba ya sentimita 40 na chaki na uzi wa fundi, kote utapata miraba 50, sasa unajaza mmoja mmoja. Watoto wape sehemu kubwa za rangi moja, maji na anga, we shika nyuso na mikono. Anzeni asubuhi mapema, jua la mchana hapa linakausha rangi ikiwa bado kwa brashi na jioni mvua ya ziwani haibishi hodi.

Pesa. Usikubali kuchora bure ati ndo ujulikane. Hesabu rangi, siku zako, ngazi ya kukodi, chai na mandazi ya watoto, na uitishe nusu kabla hujaingia hadwea kununua rangi. Kama ni mtaa na hauna kitu, wao wachange rangi na we utoe mkono, lakini iandikwe kabisa umetoa nini.

Ukimaliza weka sahihi na namba ya simu pale chini, piga picha nzuri na jua la asubuhi. Kazi zangu nyingi za hoteli na za picha za familia zimetoka kwa watu waliosimama tu kwa ukuta. Na ukianza kuuza turubai weka risiti na picha ya kila moja: Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ilirekebishwa 2019, na turubai yako ikiuzwa tena kupitia dila (mfanyabiashara wa sanaa) au mnada unastahili asilimia 5 ya bei hiyo.

Rangi ikibaki usiiuze. Weka nusu lita ya kila rangi kwa chupa, andika kwa kifuniko ulichanganya nini na nini, uachie mtu wa hapo karibu. Yetu iko kwa yule mama wa mashua, na Disemba tunarudi na watoto kuziba mahali pamechubuka.