Jinsi ya kumtafuta mkunga usiku kwenye miamba ya matumbawe

Aina nyingi za mkunga, samaki mrefu mwenye umbo la nyoka, huwinda usiku, lakini anayetaka kumwona akiwinda aanze kazi mchana. Chagua siku za maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa kidogo, kwa kuwa wakati wa bamvua, yanapojaa na kupwa sana, mkondo huvuta kwa nguvu na kumchosha mzamiaji kabla hajaona kitu. Katika pwani ya Zanzibar, msimu wa kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, ndio ninaoupendelea, kwani maji huwa maangavu.

Hatua ya kwanza ni kukagua mwamba kungali na jua. Pita polepole ukichungulia mianya na chini ya matumbawe yaliyotandaa, ukitafuta kichwa kilichochomoza huku kinywa kikifunguka na kufumba. Wageni hudhani anatishia, kumbe anasukuma maji kwenye matamvua ili apumue. Wakiwapo kamba wadogo wanaomsafisha, likumbuke tundu hilo.

Pili, tambua aina yake, maana meno hueleza chakula. Mkunga mweupe mwenye mabaka meusi ana meno makali, naye hula samaki na pweza. Yule mdogo wa madoa ya manjano, anayeonekana hata kwenye vidimbwi maji yakipwa, ana meno butu ya kuvunjia kaa. Mkunga mkubwa kuliko wote wa miamba yetu hufikia mita 3. Mwaka 2007, wanasayansi Rita Mehta na Peter Wainwright wa Marekani walionyesha kwamba taya la pili la mkunga lililo kooni husogea mbele, likanasa windo na kulivuta ndani.

Tatu, rudi giza likishaingia kabisa. Elekeza tochi pembeni, kamwe si machoni mwake, kisha umfuate kwa mbali. Yeye hutegemea pua kuliko macho, hivyo hupenyeza kichwa mwanya baada ya mwanya akiwanusa samaki waliolala, akiwamo pono, ambaye usingizi wake mzito umekuwa msemo.

Usimlishe, wala usitie mkono tunduni: mkunga aliyezoea kulishwa hushindwa kutofautisha kidole na kipande cha samaki. Usimzibie njia pia. Akinasa windo kubwa asiloweza kulimeza zima, huenda akaupinda mkia wake ukawa fundo, akalisogeza fundo hilo hadi kichwani ili apate egemeo la kunyofolea nyama. Hapo punguza mwanga na utulie ulipo mpaka amalize.